Mwenye nyumba kaniuliza "kwani paka amekufa?" Naombeni nitoe povu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na una hasira, kwa hiyo wale wa "si paka tu" piteni kimyakimya. Leo sina subira na mtu.

Nimehamia nyumba mpya, hii ni wiki ya tano. Nina paka wawili: Mzee, dume wa miaka 13 mwenye meno ya kuhesabu, na Kidoti, jike wa miaka miwili asiyetulia hata dakika. Kabla sijalipa chochote nilimwambia mwenye nyumba waziwazi kwamba nina paka, na kwamba kilichonivuta pale ni bustani. Akacheka. "Dada yangu, paka ruksa, bustani yote hiyo ni yao." Akanitembeza, nikaona majani, michongoma, kitalu kitupu na safu ya maua marefu yaliyokuwa bado hayajachanua. Nikamuuliza kama kuna chochote humo ninachopaswa kujua. "Hakuna, mama, ni udongo na maua tu." Maneno hayo yashikeni.

Mimi upande wangu nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Siku ya kuhama paka walikaa chumba kimoja, mlango umefungwa, na boksi lao la mchanga, maji, na matandiko yao ya zamani ambayo sikuyafua makusudi, ili wakute harufu yao wenyewe mahali pageni. Mzee alikaa chini ya kitanda siku mbili nzima, anatoka usiku kula na kurudi. Siku ya tatu akaanza kusugua mashavu kwenye miguu ya meza, nikajua sasa anaweka muhuri wake, nyumba imeanza kuwa yake. Nje hawakutoka wiki tatu kamili, maana paka akitoka mapema anaweza kuondoka kuitafuta nyumba ya zamani, na wengine hawaonekani tena. Kidoti alilia dirishani kila alfajiri kama amefiwa. Nikavumilia.

Wiki ya pili yale maua yakachanua. Yungiyungi, yale ya bustanini yanayoitwa lily, si yale ya majini! Wanaofuga paka mnajua tayari. Kwa msiojua: ua hilo linaua figo za paka, na halihitaji kuliwa bakuli zima. Chavua ikimdondokea kwenye manyoya, akajiramba, imetosha kumpeleka pabaya. Hata maji ya chombo yalimokaa maua hayo ni hatari. Nikampigia mwenye nyumba kumwomba ruhusa ya kuyang'oa, akanuna kama nimeomba kubomoa ukuta. "Hayo ni maua tu." Nikayang'oa yote, mizizi na vitunguu vyake, kabla paka hawajakanyaga nje. Hapo bado nilimhesabu kama mtu asiyejua. Kutojua si dhambi.

Sasa njooni kwenye yenyewe.

Siku ya 23 nikawafungulia mlango wa nyuma, nami nikakaa nao nje. Kidoti akapanda kila kinachopandika. Mzee akajinyoosha juani. Baada ya muda nikamwona Mzee anatoka kwenye michongoma na panya mdomoni, ameshamla nusu. Wakuu, Mzee! Paka ambaye mara yake ya mwisho kukimbia siikumbuki! Nilimpigia makofi. Nilimsifu kwa sauti, majirani wakasikia. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo, kwa sababu nilipaswa kujiuliza: panya gani huyo, mchana kweupe, anayekamatwa na kikongwe mwenye meno manne?

Nikaenda kuangalia kwenye michongoma. Chini kabisa, punje za bluu, rundo zima, zimemwagwa chini tu kama chakula cha kuku. Hazikuwa hata ndani ya kisanduku cha kutegea. Pembeni kinyesi cha panya, nacho cha bluu.

Nikambeba Mzee hivyo hivyo mpaka kwa daktari wa wanyama. Akamtapisha, ikatoka nyama na manyoya ya panya. Kisha akauliza swali moja: hiyo sumu ni ya aina gani? Nikamwambia ya bluu. Akanieleza kwamba rangi haisemi lolote. Kuna sumu za panya zinazozuia damu isigande, hizo zina tiba, vitamini K1. Nyingine zinashambulia ubongo, nyingine zinajaza mwili kalsiamu mpaka figo zinashindwa, na hizo vitamini K haizigusi kabisa. Matibabu yako tofauti. Kilichohitajika ni jina la kiambato lililoandikwa kwenye mfuko, basi. Mstari mmoja wa maandishi.

Nikampigia mwenye nyumba. Hakupokea. Nikapiga tena na tena. Mara ya sita akapokea, nikamwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, ile dawa ya panya kwenye michongoma inaitwaje?" Akasema hakumbuki, mfuko alishautupa, na hiyo dawa "haina shida, ni ya panya." Nikamweleza niko kwa daktari, paka amekula panya aliyekula sumu. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza:

"Kwani paka amekufa?"

Hapana mzee, hajakufa! Na hapo ndipo penyewe! Ile ya kuzuia damu kuganda haiui siku hiyo hiyo. Mwili unakuwa bado una akiba ya vitu vya kugandisha damu, kwa hiyo mnyama anakula, anacheza, anakuangalia vizuri tu, siku mbili, tatu, hata tano. Kisha damu inaanza kuvuja ndani kwa ndani. Unaona fizi zimekuwa nyeupe, anahema kwa shida, na hapo umeshachelewa. Ukisubiri afe ndipo uniambie jina la dawa, hilo jina nitaliandika wapi, kwenye kaburi?

Usiku ule sikulala. Kila nusu saa nilimfunua Mzee mdomo kwa tochi kuangalia rangi ya fizi, naye ananitazama kama mtu anayeamshwa na mlevi.

Aliyetuokoa ni kijana anayekuja kukata majani. Asubuhi nilimuuliza bila matumaini, akasema mfuko haukutupwa, uko stoo ya bustani, tena umebaki nusu. Ulikuwepo muda wote! Akaupiga picha. Daktari akaisoma na kusema ni ile ya damu. Kipimo cha kuganda kwa damu kilifanywa baada ya saa 48, kikaonesha damu imeanza kuchelewa. Mzee yuko kwenye vidonge vya K1 kwa wiki nne, na ukitaka kujua uvumilivu ni nini, mpe kidonge paka aliyekula sumu na sasa anaona amevunjiwa heshima yake yote.

Tangu hapo nimepekua bustani yote kwa magoti. Nimevaa glavu, ambazo kwa kweli unazihitaji hata pasipo sumu, maana udongo laini kwa paka yeyote wa mtaa ni choo. Nimekuta marundo matatu mengine. Moja liko kwenye kitalu nilichotaka kupanda mboga.

Na msinielewe vibaya. Panya wapo, simlaumu mtu kwa kupambana na panya. Hata ua lake nisingelikasirikia. Nilimuuliza kabla ya kulipa, nikamuuliza uso kwa uso, na alikuwa na mfuko nusu stoo. Angesema "nimeweka sumu kule kwenye michongoma", ningekusanya, ningeosha, paka wangekaa ndani wiki tatu zaidi, yangeisha. Kusema "paka ruksa" ni rahisi, haimgharimu mtu.

Jana jioni kanitumia ujumbe. Si pole, si Mzee anaendeleaje. Anataka kujua nani atalipa maua yaliyong'olewa na majani "yaliyoharibiwa kwa kuchimbachimba", na kwamba atayakata kwenye amana yangu.

Nimemjibu kwa picha moja tu, ile ya mfuko, maandishi yanasomeka. Ameiona tangu saa mbili usiku. Mpaka naandika hapa hajajibu.

Walioshawahi kudaiana amana na mwenye nyumba wa aina hii, nipeni maneno ya kuandika kwenye barua. Ya mdomo ninayo mengi, ila hayafai kuandikwa.