"Friji liliangushwa": NA NANI, ninyi watu wa mizigo?

DadaWaKimara: Wakuu, nimetoka Kariakoo sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnawajua, sina haja ya kuwataja. Friji langu jipya mlango umebonyea kama limegongwa na mwendokasi. Barua yao hii hapa: "Imebainika kuwa friji liliangushwa wakati wa kupakuliwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza."

Liliangushwa! Na nani? Usumbufu ulijitokeza wenyewe, ukapanda daladala ukaja? Namuuliza karani, ananijibu, "Dada, ndivyo ilivyoandikwa." ILIVYOANDIKWA! Na kaandika yeye, mbele yangu, peni bado iko mkononi!

Sasa geuza ukurasa: "Tunakudai ada ya stoo. Ulichelewa kuchukua mzigo." Ahaa, kumbe kauli ya kutenda wanaijua! Kwenye pesa yao wapo, kwenye friji langu wametoweka. Liliangushwa, jamani!! Andikeni "kuli wetu aliliangusha", mbona rahisi.

Kibarua_Temeke: Dada, taratibu. Aliyemwambia kuli abebe friji peke yake ni nani? Kuli atajwe, bosi afichwe?

DadaWaKimara: Na bosi atajwe! Wote! LILIANGUSHWA!

TichaMstaafu: Kauli ya kutendwa yenyewe haina kosa. Ukichomolewa simu kwenye daladala unasema "nimeibiwa", maana mwizi humjui. Na mtenda ana nafasi yake palepale: "liliangushwa na kuli wetu." Hao wanamjua, wakaikata hiyo "na". Wangeandika "lilianguka" ndiyo ingekuwa balaa, friji limejirusha lenyewe.

ChapatiMoto: Ticha kaleta kipindi, mwenzie kaleta friji. Linagandisha lakini?

BintiTabata: Afadhali wewe dada. Mwenye nyumba wangu kabandika getini: "Kodi imepandishwa." Imepandishwa na nani, popobawa? Nyumba yake, karatasi yake, gundi yake!

KondaMstaafu: Tabata ipi, Kimanga au Segerea?

BintiTabata: Segerea. Chumba na sebule, choo cha nje, na anataka ya mwaka mzima.

KondaMstaafu: Mwaka kwa choo cha nje? Hamia Chanika.

ChapatiMoto: Chanika! Na foleni ya Gongo la Mboto utamkalia wewe?

DadaWaKimara: Jamani, friji langu…

KondaMstaafu: Foleni siku hizi siyo kama zamani. Chumba na sebule unapata, choo ndani.