Caprese yenye kitu tofauti, nibadilishe nini?

Mama_Sufuria:
Wakuu habari za jioni. Jumamosi tuna wageni, nataka waanze na caprese, ile saladi ya Capri ya nyanya, jibini la mozzarella, mrehani na mafuta ya zeituni, ila ya kawaida kila hoteli wanayo sa hivi na wengine kati ya hao wageni wameila mpaka wamechoka. Nimewaza embe, nimewaza tikiti, nimewaza parachichi, nikafika hadi kwenye kuku wa kuchoma mume akasema hiyo sasa siyo caprese ni msosi wa usiku 😂 Mozzarella nimepata ile ya mviringo inayokaa kwenye maji. Balsamiko, ile siki nyeusi ya Kitaliano, sina, bei yake nimeiangalia nikairudisha chupa taratibu. Nisaidieni mawazo.

kisiki_mkavu:
Parachichi achana nalo kabisa, jibini laini, parachichi laini, sasa watu watafune nini? Embe poa, ila lisiwe limeiva mpaka linateleza, tafuta dodo ambalo bado gumugumu, kata slaisi unene sawa na za jibini halafu pachika moja moja katikati ya nyanya. Nyanya usizitoe zote. Pilipili manga ya kusaga hapo hapo, basi.

Chachandu:
Dada hiyo balsamiko wala isikuumize kichwa, caprese ya asili haina siki, ni mafuta na chumvi tu. Kama unataka kitu cheusi cha kuchorea sahani tumia ukwaju. Roweka, kamua, chuja vizuri, bandika na sukari na chumvi kidogo, moto mdogo, koroga mpaka uanze kuwa mzito kama asali. Epua mapema maana ukipoa unazidi kukaza. Unachirizia kidogo tu, siyo kumwaga kama chatini ya bajia.

mtoto_wa_Malindi:
Mie nimepika kwa Wataliano huku Malindi, wapo tangu enzi za mradi wa roketi wa San Marco miaka ya 60, na mzee niliyekuwa nampikia embe hakujali, alikuwa akipiga kelele kwa kitu kimoja tu, MAJI. Ukiona sahani ina supu nyeupe chini ujue imeharibika. Mozzarella ikate mapema uilaze kwenye chujio kama nusu saa, nyanya usiziweke friji zinapoteza ladha, na chumvi utie wakati sahani inatoka jikoni, ukitia kabla nyanya zinatoa maji yote. Mrehani chana kwa mkono, na kama ni ule wa kienyeji weka majani machache machanga, harufu yake kali itafunika kila kitu.

Mama_Sufuria:
Asanteni jamani. Kwa hiyo niweke embe NA ukwaju?

Chachandu:
Hapana, chagua kimoja. Dodo gumu lina uchachu, ukwaju nao mchachu, na nyanya pia, sasa hiyo mozzarella ambayo ndo umeilipia hela utaisikia saa ngapi?

kisiki_mkavu:
Hapo kweli kabisa.

Mama_Sufuria:
Basi ukwaju. Embe wataletewa juisi.