Nimeipata SLA017 baada ya miaka miwili ya kuitafuta, lakini kingo zake zinanitia shaka

Swali

Ndugu wapenzi wa saa, nawasalimu. Kwa miaka miwili sasa naitafuta saa moja tu, Seiko SLA017, ile ya wazamiaji iliyotolewa mwaka 2017 kwa kuikumbuka 62MAS ya mwaka 1965, saa ya kwanza ya wazamiaji kutengenezwa Japani. Zilitengenezwa 2,000 tu, zikaisha, na tangu hapo anayeitaka hana budi kumsubiri mwenye nayo aamue kuachana nayo. Niliwahi kuishika ya rafiki yangu kwa muda usiozidi dakika kumi, nikaigeuzageuza karibu na dirisha, na bado nakumbuka jinsi uso wake wa kijivu ulivyokuwa ukififia na kung'aa kila nilipouinamisha, na jinsi kioo chake cha yakuti, kilichoinuka kama kisanduku juu ya bezeli, ile pete ya nje yenye alama za dakika, kilivyoipinda mistari ya dakika pale ukingoni. Tangu siku ile sijaitamani saa nyingine.

Wiki iliyopita mtu mmoja aliitangaza yake, akanitumia picha saba. Ina sanduku, ina mkanda wake wa chuma pamoja na ule wa silikoni, na nambari ya toleo iliyochongwa mgongoni inasomeka vizuri. Haina kadi ya dhamana, ambayo anasema ilipotea alipohama nyumba. Kinachonikosesha usingizi ni sentensi moja aliyoiandika kana kwamba ni sifa, kwamba saa "imesafishwa na fundi ikawa kama mpya". Nikizitazama picha naona kingo za masikio yanayoshika mkanda zimelainika kuliko nilivyozikumbuka kwenye saa ya rafiki yangu, ingawa huenda ni mwanga tu.

Naomba ushauri wenu kwa mambo mawili. Kwanza, je, niichukue hivyo ilivyo, kwa kuwa sijui nyingine itatokea lini, au niiache? Pili, mimi ni mzamiaji, naingia majini karibu kila mwezi. Je, nikiipata saa ya toleo kama hili, ni haki kuivaa kazini kwake, au ni kuiharibu?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, nahisi macho yako hayakudanganyi, lakini usiamue kwa picha hizo saba. Mwombe muuzaji azime taa zote za chumba, abakishe moja tu iliyolala ubavuni mwa saa, kisha apige picha kila sikio kwa zamu. Chuma ambacho hakijaguswa na fundi, mwanga hukatika ghafla ukingoni, upande huu mweupe na upande ule mweusi. Chuma kilichong'arishwa, mwanga huteleza na kuuzunguka ukingo kama unavyozunguka kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Ukishaliona jambo hilo mara moja hutalisahau, na utaanza kuliona kwenye nusu ya saa zinazotangazwa kuwa "kama mpya".

Kwa SLA017 jambo hili lina uzito zaidi kuliko kwa saa nyingi, kwa sababu chuma chake kilipewa kiwandani tabaka gumu la juu la kukinga mikwaruzo. Fundi anapokipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia huliondoa tabaka hilo pamoja na mikwaruzo aliyokusudia kuiondoa. Kwa hiyo saa hiyo, kama kweli imeng'arishwa, imepoteza umbo lake na pia imepoteza kinga yake, na itakwaruzika upesi kuliko wenzake walioachwa na alama zao za matumizi. Mimi ningechagua yenye mikwaruzo kumi ya halali kuliko hiyo inayometameta.

Usikubali kuharakishwa na neno "adimu". Mwulize mtu adimu kwa kiasi gani. Doxa SUB 300 ya kuadhimisha miaka 50, iliyotoka mwaka huohuo wa 2017, ilitengenezwa 300 kwa kila rangi ya uso. Omega Seamaster 300 iliyotolewa mwaka 2015 kwa ajili ya filamu ya Spectre ilitengenezwa 7,007. Zote mbili huitwa matoleo ya idadi maalumu, lakini kumtafuta mwenye ya kwanza na kumtafuta mwenye ya pili ni safari mbili tofauti kabisa. Yako ya 2,000 iko katikati. Nimeziona SLA017 zikirudi sokoni tena na tena, maana wengi walioinunua mwanzoni waliinunua ili waiuze. Itatokea nyingine.

Jibu la pili

Nakubaliana na mwenzangu juu ya kingo, nami naomba nizungumzie kadi na ile nambari, kwa sababu muulizaji anaelekea kuiamini nambari kupita kiasi na kuihuzunikia kadi kupita kiasi.

Nambari ya toleo imechongwa kwenye mfuniko wa nyuma. Mfuniko huo hufunguliwa. Maana yake ni kwamba nambari inauthibitisha mfuniko, haiithibitishi saa nzima, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuuhamishia kwenye mwili mwingine. Linalothibitisha saa ni mashine iliyo ndani. SLA017 hutumia mashine ya 8L35, inayounganishwa kwa mikono katika karakana ya Shizukuishi, na hiyo hupiga mapigo 28,800 kwa saa, yaani manane kwa kila sekunde. Saa nyingine ya Seiko iliyotoka mwaka huohuo kwa sura inayokaribiana nayo, SPB051, hutumia mashine ya 6R15 yenye mapigo 21,600, yaani sita kwa sekunde. Unaweza kuyahesabu ukiwa mbali. Mwombe muuzaji apige video ya mwendo wa polepole kwa simu yake, akiilenga akrabu ya sekunde inapotoka alama moja kwenda nyingine, kisha uzihesabu hatua zake ndogondogo. Ukipata nane, angalau umeondoa shaka moja, ingawa bado fundi atapaswa kuifungua na kuiona mashine kwa macho.

Nasema haya nikiwa na kidonda. Miaka iliyopita nilinunua saa ya toleo la idadi ndogo kwa mtu ambaye picha zake zilikuwa nzuri mno. Nilipofungua kifurushi, nambari iliyokuwa mgongoni haikuwa ile niliyoiona kwenye tangazo; picha zilikuwa za saa ya mtu mwingine. Fedha zangu nilizipata baada ya miezi ya mabishano. Tangu hapo sinunui kabla ya kupata video moja isiyokatwa, ambayo ndani yake muuzaji anaonyesha karatasi yenye tarehe ya siku hiyo na neno nililolichagua mimi mwenyewe, anaionyesha saa usoni, anaigeuza, anaonyesha nambari, anairudisha usoni, huku mkono wake usitoke kwenye picha hata mara moja. Muuzaji mwaminifu hulifanya hilo kwa dakika mbili. Anayekasirika nimemwacha kila mara, na sijawahi kujuta.

Ukishaipata nambari, itafute mtandaoni. Huo ndio uzuri wa saa iliyohesabiwa: mara nyingi imeacha nyayo. Tangazo la zamani la saa ileile laweza kukuonyesha kingo zake zilivyokuwa kabla ya kung'arishwa, na kama kadi ilikuwapo wakati huo. Angalia vilevile kwenye orodha za saa zilizoibwa. Ikiwa nyayo zote zinakubaliana na maelezo ya muuzaji, kukosekana kwa kadi kutakupunguzia bei wakati wa kuuza, basi, wala hakutakupunguzia saa. Malipo yapitie kwa mtu wa tatu anayezishika fedha mpaka uikague, na thamani inayoandikwa kwenye kifurushi iwe ya kweli. Wapo wanaoiandika ndogo ili kukwepa ushuru, kisha kifurushi kinapotea na bima inawalipa kile kidogo walichokiandika.

Jibu la tatu

Mimi ni fundi saa, na nitajibu lile swali la pili, la maji.

Saa ya wazamiaji imetengenezwa ili izame, na SLA017 ilitoka kiwandani ikiwa imethibitishwa kwa mita 200. Lakini kipimo hicho kinaieleza saa siku ilipotoka kiwandani. Kinachozuia maji ni pete za mpira: moja chini ya mfuniko wa nyuma na nyingine kwenye kifundo cha kutilia ufunguo. Pete hizo hukauka na kulala bapa, hata kwa saa iliyokaa sandukuni bila kuvaliwa, na saa ya mwaka 2017 ambayo haijawahi kubadilishiwa pete siwezi kumruhusu mtu aoge nayo, seuze kuzamia. Tena saa unayoielezea imefunguliwa au imevuliwa mkanda na kusuguliwa na mtu usiyemjua, na mavumbi ya gurudumu la kung'arishia hupenda sana kujificha kwenye nyuzi za kifundo.

Nikiletewa saa kama hiyo, baada ya kubadilisha pete na kuzipaka grisi ya silikoni, naipima kwanza kwa hewa ndani ya mashine ya mgandamizo, kwa kuwa hewa ikipenya haidhuru kitu. Kiwango cha kimataifa cha saa za wazamiaji, ISO 6425, kinataka saa ihimili asilimia 125 ya kina kilichoandikwa, kwa hiyo ya mita 200 inapimwa kwa mgandamizo wa mita 250. Kisha naipa jaribio ambalo nalipenda kuliko yote, kwa sababu mwenye saa anaweza kulishuhudia. Naiweka juu ya bamba lenye joto la kati ya nyuzi 40 na 45 mpaka chuma chote kipate joto, naangusha tone moja la maji ya baridi juu ya kioo, nasubiri dakika moja, nalifuta. Ukungu ukionekana upande wa ndani wa kioo, pale hasa tone lilipokaa, basi kuna unyevu ndani, na saa hiyo haitoki karakanani. Kioo kikibaki safi, ivae na uende nayo.

Ukiwa majini usikiguse kifundo. Ukitoka, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla haijakauka, na uizungushe bezeli chini ya maji hayo ili mchanga utoke. Bezeli hiyo huzunguka upande mmoja tu kwa makusudi, ili ikigongwa ikuonyeshe kuwa umekaa chini muda mrefu kuliko ukweli, isije ikakuonyesha muda mfupi. Hesabu zako za kuzamia ziendeshe kwa kompyuta ya wazamiaji, na saa iwe msaada wa pili.

Jambo la mwisho, na hili nawaomba wote mlishike. Mnapopeleka saa kwa fundi, andikeni kwenye karatasi ya kazi kwamba haitang'arishwa, haitabadilishwa uso wala akrabu, na kila kipande cha zamani kitakachotolewa mrudishiwe ndani ya kifuko. Mafundi wengi tunang'arisha kwa nia njema, kwa sababu wateja wengi hufurahi wakiona saa inametameta. Msiposema, hatujui.

Jibu la nne

Kwa ufupi tu: wakati unasubiri, ifikirie SPB143 iliyotoka mwaka 2020. Chimbuko lake ni hiyohiyo 62MAS, nayo inahimili mita 200, wala haina idadi maalumu. Utazamia nayo bila wasiwasi, na utapata kujua kama unachokipenda ni sura ile au ni ile nambari mgongoni.

Muulizaji

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Imepita wiki ya tatu na naona ni wajibu kuwaeleza ilivyokuwa.

Muuzaji alinitendea kwa uungwana. Alipiga video ya neno nililomchagulia, nambari ikawa ileile, na kwenye ile ya mwendo wa polepole nilihesabu hatua nane mara tatu mfululizo. Kisha akazima taa akabakisha moja, kama mlivyonielekeza. Mwanga uliyazunguka masikio yote manne bila kukatika popote. Nilipomweleza ninachokiona alikiri kwamba fundi wake aliisugua mara mbili, na kwamba hakujua kama kuna tabaka lililokuwa likiondoka. Sikumlaumu, lakini saa nimeiacha. Siku mbili za kwanza niliumia sana, sitaficha.

Mchangiaji wa nne, ushauri wako niliutafakari kwa uzito. Nilikwenda nikaijaribu SPB143 mkononi, na ni saa nzuri. Ila kioo chake hakiipindi mistari ya dakika namna ile, nami nikagundua kwamba ni hicho hasa ninachokitafuta, si nambari.

Juzi mwanachama mmoja wa hapa aliniandikia faraghani kwamba anayo moja, ameivaa tangu mwaka 2017, hajawahi kuipeleka kwa fundi yeyote. Ina mkwaruzo mrefu chini kushoto, kwenye sikio, na kibanio cha mkanda kimechakaa. Kadi anayo, ina jina lake. Kwenye picha ya taa moja, mwanga unakatika ukingoni kama kwa wembe, isipokuwa pale penye mkwaruzo. Tumekubaliana bei, fedha zimeshikwa na mtu wa tatu, na saa itafikishwa kwanza kwa fundi ili aifungue, abadilishe pete na afanye lile jaribio la tone huku nikitazama. Karatasi ya kazi nimekwisha kuiandika, na mstari wa kwanza unasema isisuguliwe popote, hata pale penye mkwaruzo.