Disney na watoto watatu: ninunue mpango wa chakula au tujilipie wenyewe?

mama_watatu
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naomba ushauri kabla mume wangu hajabonyeza kitufe cha kulipa.

Tunaishi Columbus, Ohio. Kwa mara ya kwanza tunawapeleka watoto Walt Disney World kule Florida, mwishoni mwa Julai 2026, usiku nne, na tutalala kwenye hoteli ya Disney yenyewe. Mume ameng'ang'ania tuchukue mpango wa chakula. Anasema akilipa kila kitu mapema, akifika kule hatashika pochi. Mimi roho inasita. Nimekuta mipango miwili. Mmoja unaitwa Quick-Service Dining Plan, yaani unakula kwenye migahawa ya kaunta. Mwingine ni Disney Dining Plan, ambao kila siku unapata mlo mmoja wa kaunta na mmoja wa kukaa mezani mkahudumiwa.

Watoto wangu: binti anatimiza miaka 10 tarehe 12 Julai. Wa pili ana 6, wa mwisho ana 2. Binti hali, anadonoa tu. Wa pili anakula wali mweupe, kuku na chipsi, basi, ukimwekea kitu cha kijani anakitazama kama kimemtukana. Huyu mdogo anakula chochote kilichoko kwenye sahani ya mwenzake.

Waliokwenda na watoto, mlifanyaje? Na msiniambie "nendeni Zanzibar", nyumbani tunakwenda mwakani.

KipandeChaMuhogo
Nimeweka mkeka hapa, nasubiri wataalamu.

baharia_wa_nchi_kavu
Nendeni Zanzibar.

ShangaziTexas
Mpuuze baharia. Sisi tulikwenda 2024, mwaka ule ule mipango hii iliporudishwa baada ya kusimamishwa tangu 2020. Mwanangu, kabla ya kujadili chakula, tazama tarehe ya kuzaliwa ya binti yako.

Kwa Disney, mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Akigusa 10 ni mtu mzima, analipiwa bei ya mtu mzima hata kama anakula vipande viwili vya kuku na kusema ameshiba. Chini ya miaka 3 halipiwi kabisa. Yule wako wa mwisho atakula sahani yako bure, na kwenye bafe pia hatozwi.

Bei tulizolipa sisi 2024 nazikumbuka kwa sababu niliziandika nyuma ya bahasha, na bahasha bado iko jikoni. Mpango wa kaunta ulikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima na 23.83 kwa mtoto, kwa kila usiku. Ule wa mezani, 94.28 mtu mzima na 29.69 mtoto. Msizichukue kama bei za mwaka huu, ila zinaonyesha sura ya jambo lenyewe.

Sasa weka familia yako. Mkienda binti akiwa na 10, mnahesabiwa watu wazima watatu na mtoto mmoja. Kaunta kwa usiku nne: 779.44. Mezani: 1,250.12. Mkienda akiwa bado na 9, kaunta ile ile inashuka hadi 646.72. Hizo dola 132 na senti zake ni gharama ya keki ya tarehe 12 Julai.

mama_watatu
Shangazi!!! Mimi nilidhani anahesabiwa mtoto kwa sababu tunanunua sasa hivi akiwa na 9.

ShangaziTexas
Hapana mwanangu. Wanaangalia umri wa wakati wa safari, si wa siku uliyolipa.

Otis254
Kuongezea hapo. Kwa 2026 Disney walitangaza ofa: watoto wa miaka 3 hadi 9 wanapewa mpango wa chakula bure, mradi walio na miaka 10 na zaidi kwenye kundi lenu wanunue wao. Ina masharti yake, kwa mfano kifurushi kiwe cha hoteli pamoja na tiketi, tena kiwe cha bei kamili, si kile cha punguzo. Kwa hiyo angalieni kwanza kama hoteli yenu mmeipata kwa punguzo, maana unaweza kufurahia chakula cha bure kumbe umepoteza punguzo la chumba lililo kubwa zaidi. Piga hesabu zote mbili.

Ila tuseme masharti mnayatimiza. Mkienda Juni, mnalipia chakula cha watu wawili tu. Mkienda mwisho wa Julai, watatu. Hapo si 132 tena, binti anatoka kwenye bure anaingia bei kamili.

KipandeChaMuhogo
Yaani mtoto akizaliwa Julai ni hasara.

bint_vuga
Nyote mnazungumza bei. Ngojeni niwaambie kula kwenyewe kunavyokwenda, maana sisi tulichukua mpango wa mezani na watoto wawili, mmoja 5 mwingine 7.

Mlo wa mezani maana yake ni hivi. Uwe umeweka nafasi mapema, dirisha linafunguliwa siku 60 kabla. Saa ikifika unatoka kwenye mchezo watoto walikokuwa wanacheka, unawakokota juani, unasubiri kuitwa, unakaa, mnaagiza, mnasubiri tena. Saa moja na nusu imeondoka. Mwanangu mdogo alilala juu ya meza kabla chakula hakijaletwa, shavu lake likachapika alama za uma. Chakula kilikuwa kizuri, sikatai. Nilikula mimi na baba yake, kimya kimya kama watu waliogombana, tusimwamshe.

Kisha ikaja bili ya bakshishi. Mpango haulipi bakshishi ya mhudumu, hiyo ni mfukoni mwako. Na mkiwa watu sita au zaidi mezani, wanaweka asilimia 18 wenyewe. Kwa hiyo huyo mumeo asiyetaka kushika pochi, ataishika.

Jambo jingine, migahawa ile ya hadhi kubwa inakata milo miwili ya mezani kwa mpigo. Utakuta umekula mara moja, siku mbili zimekwenda.

baharia_wa_nchi_kavu
Sasa haya, nirudi kwenye uzi kwa adabu. Hivi hamna mtu mwenye kuchukua ule wa kaunta akautumia wote?

ShangaziTexas
Mimi. Karibu wote.

Kwa kila usiku unapata milo miwili ya kaunta na kitafunwa kimoja. Halafu kila mtu anapewa kikombe cha plastiki cha kujaza tena soda, kahawa au chai, lakini kinajazwa hotelini tu, msikibebe bure kwenye mbuga za michezo. Hayo yote yanaingia kwenye kapu moja la familia na siku hazitenganishwi. Leo mnaweza kula milo mitatu, kesho mmoja. Na kwenye kaunta, kwetu sisi mashine haikubagua mlo wa mtoto na wa mtu mzima. Tulikuwa tukichukua sahani mbili za wakubwa, tunagawana wanne, mlo mwingine unabaki akiba.

Kosa langu lilikuwa siku ya mwisho. Nilisahau kwamba milo inakufa saa sita usiku wa siku ya kuondoka. Saa tatu usiku, sanduku zimeshafungwa, mume ananiambia tuna vitafunwa saba havijatumika. Nikakimbia duka la hoteli na viatu vya kuogea, nikarudi na biskuti za mchele zenye masikio ya Mickey mkono mzima. Zimekaa garini hadi Krismasi. Tangu siku ile watoto wangu hawazitaki hata kuziona.

mama_watatu
Nimecheka hadi mdogo ameamka. Asante shangazi. Sasa swali la wali. Huyu wangu wa pili asipokula wali siku mbili anageuka mtu mwingine. Na sisi ni Waislamu, nyama inanipa shaka.

bint_vuga
Wali upo. Nendeni Animal Kingdom, mojawapo ya mbuga za michezo za Disney, sehemu ya Pandora, kuna mgahawa wa kaunta unaitwa Satu'li Canteen. Unachagua mwenyewe cha chini, kisha cha juu. Mchele wao umechanganywa na nafaka nyingine, si mweupe kama wa mama, lakini wangu alikula baada ya kuuchambua punje kwa punje.

Kuhusu halali, sisi tulikula samaki na mboga siku zote, tukiwa na shaka tunamwita mpishi. Migahawa ya mezani ukiweka nafasi eleza masharti yako mapema, usingoje mpaka umekaa. Na kuna hili, wengi hawalijui. Kwenye hoteli ya Animal Kingdom Lodge kuna bafe inaitwa Boma, na ina kitamutamu maarufu kinaitwa Zebra Dome, kidogo, cheupe chenye mistari ya chokoleti. Watoto wanakipenda kwa macho. Ndani yake kuna Amarula, kileo kile cha krimu. Mimi niliuliza mwanangu akiwa ameshakipeleka karibu na mdomo.

Otis254
Mkifika Animal Kingdom mpite Harambe. Ni kijiji cha kubuni cha pwani ya Afrika Mashariki, waliojenga walichukua mfano wa Lamu. Mimi ni wa Mombasa, nilisimama pale nikacheka peke yangu. Kuta zimepakwa rangi zikachakazwa makusudi, mabango ya Kiswahili kila mahali, kuna Hoteli Burudika, kuna kibanda cha aiskrimu kinaitwa Tamu Tamu. Mzungu nyuma yangu alikuwa anamfundisha mtoto wake kutamka "karibu". Kitafunwa kimoja cha mpango kitumieni pale Tamu Tamu, jua la Julai kule halina mzaha.

Bafe ya Tusker House iko hapo hapo. Donald Duck anapita mezani na nguo za safari. Kama mtakula mezani mara moja tu kwa safari nzima, mimi ningesema iwe hapo. Ni bafe, kwa hiyo yule wa wali anachagua mwenyewe, na wa miaka 2 halipi. Lipieni kwa kadi, hamhitaji mpango wowote.

mpishi_wa_zamu
Habari zenu. Mimi nafanya kazi jikoni (si huko, mji mwingine) na nina watoto wanne. Hatukuchukua mpango wowote. Mbona hakuna aliyesema kwamba chakula kutoka nje kinaruhusiwa? Kwenye mbuga za Disney mnaingia na chakula chenu, mradi msibebe vyombo vya kioo wala pombe, na kibaridi, yaani sanduku la kubebea vitu vya baridi, kisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18.

Sisi asubuhi tulikula chumbani, mkate, ndizi, maziwa. Chumbani kuna friji. Mchana tulikuwa na chapati nilizopika nyumbani nikazigandisha, nikazikunja na mayai. Mlo mmoja tu kwa siku ndio tulinunua, jioni, kwenye kaunta. Sahani ya mtoto ya kaunta ilikuwa dola 7 hadi 9 hivi. Maji msinunue. Kaunta yoyote yenye mashine ya soda ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure, ombeni hata vitano.

Kumbuka pia sharti hili: wote wa chumba kimoja kuanzia miaka 3 lazima wawe kwenye mpango ule ule. Huwezi kumnunulia baba peke yake, au kumwacha binti anayedonoa nje. Kwa mtoto asiyekula, mpango ni kumlipia mtu kiti cha daladala halafu anasimama.

baharia_wa_nchi_kavu
Chapati zinapita ukaguzi?

mpishi_wa_zamu
Zilipita zote. Mlinzi alifungua kibaridi akauliza ni nini, mke wangu akamwambia "bread". Akafunga.

bint_vuga
Mimi naungana na mpishi kama watakwenda Julai. Wakienda Juni na ile ofa ya watoto ikawakubali, ningechukua wa kaunta. Ule wa mezani sirudii mpaka wangu wafike umri wa kukaa kitako.

ShangaziTexas
Hapo hapo. Juni kaunta, Julai chapati.

mama_watatu
Jamani asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekaa na mume jana usiku na bahasha yangu kama ya shangazi. Hoteli yetu kumbe haikuwa ya punguzo, kwa hiyo tumesogeza safari. Tunaingia tarehe 8 Juni, shule zitakuwa zimefungwa. Tumechukua wa kaunta, tumelipia mimi na yeye, watoto bure. Tusker House tumeweka nafasi ya siku ya tatu asubuhi, tutalipa kwa kadi na bakshishi yake. Mume amekubali kushika pochi mara moja.

Shida mpya ni binti. Alikuwa anasikiliza mlangoni. Amesikia "tumewahi akiwa bado mtoto" na hajasema na mimi tangu jana. Leo asubuhi ameniandikia karatasi akaibandika kwenye friji: hatakula sahani ya watoto, na kikombe chake kiwe cha kahawa.

Otis254
Mpe kikombe.

ShangaziTexas
Mpe kikombe, mtie maziwa.