Duka la Kariakoo limeniuzia kadi iliyochimba sarafu za mtandaoni, sasa linasingizia umeme wa Mtwara

Wakuu, nipo Mtwara mjini, kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kutengeneza mabango. Nimenunua kadi ya picha iliyotumika, Radeon RX 580 ya GB 8, kwenye duka moja la Kariakoo. Kabla sijatuma hela niliuliza kwa maandishi ilikuwa inatumika wapi. Jibu ninalo mpaka sasa: "Ilikuwa ofisini kaka, haina kazi nyingi, safi kabisa." Ikapakiwa kwenye basi, ikafika. Nikaifunga, feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

Nikampigia muuzaji. Hakuuliza swali hata moja. "Bosi, hiyo umeiunguza. Umeme wenu wa Mtwara tunaujua."

Hilo ndilo lililonichoma. Ni kweli umeme umetutesa sana huku, na gesi ya kuzalishia umeme inatoka hapo hapo Msimbati. Lakini shida yetu isigeuzwe kichaka cha mtu kujifichia. Kompyuta yangu iko kwenye UPS, ile betri ya kuikinga na umeme unaokatika, na hiyo kadi haijawahi kuonyesha picha hata sekunde moja tangu iingie mkoa huu. Iliungua saa ngapi?

Na msiniambie sikuangalia vizuri. Waya wa kioo niliuchomeka kwenye kadi yenyewe, sio kwenye madabodi. Nimejaribu tundu la HDMI, nimejaribu matundu ya DisplayPort yote, nimebadilisha waya, nimebadilisha kioo. Meno ya kadi nimeyasafisha kwa ufutio na spiriti, maana hewa ya chumvi huku haina huruma na shaba. Betri ya madabodi nimeitoa nikairudisha, CSM (mpangilio wa kuwasha mashine kwa mtindo wa zamani) nimeiwasha na kuizima. Pawa saplai ni ya wati 550. RX 580 inakula kama wati 185. Sloti inatoa 75 na waya wa pini 8 unatoa 150, kwa hiyo umeme unaitosha na kubaki. Jamaa mwenye banda la gemu Chikongola akaniazima kadi yake ya GTX 1650: kwenye mashine yangu ikawaka papo hapo. Ya kwangu tukaipeleka kwenye mashine yake: giza.

Hapo kuna fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshaniambia madabodi imekufa na anayo nyingine ya kuniuzia. Hakupima kitu. Aliiangalia tu ikiwa mezani. Angebadilisha sloti ya ramu au angeazima kadi nyingine kwa dakika tano angejua madabodi ni nzima. Ningemsikiliza ningekuwa nimelipia madabodi juu ya kadi mbovu.

Sasa sikilizeni. Processor yangu ni i5 ya kizazi cha nane, ina picha zake za ndani. Nikaacha kadi kwenye sloti, nikachomeka kioo kwenye madabodi, Windows ikafunguka. Kadi inaonekana! Jina lipo, ila ina alama ya njano na kosa namba 43. Yaani chipu inaongea, ila dreva, programu ya kuiendesha kadi, ndiyo inaikataa. Kijana mmoja anayejua kazi akaisoma biosi ya kadi, yaani programu ndogo iliyoandikwa ndani yake inayoipangia kasi, tukailinganisha na biosi ya asili ya modeli ile ile. Mpangilio wa memori wa kasi ya 1750 MHz umebandikwa mpaka kwenye kasi ya 2000 MHz ili memori ijibu haraka, na kasi ya chipu imeshushwa. Hiyo ni biosi ya wachimbaji wa Ethereum, sarafu ya mtandaoni iliyokuwa inachimbwa kwa kukimbiza kadi za picha bila kupumzika, na dreva za AMD, watengenezaji wa chipu za Radeon, zikikuta biosi imechokonolewa namna hiyo zinagoma. Umeme unaunguza vipuri. Hauandiki upya namba.

Tukageuza kadi. Stika ya kwenye skrubu imechanika, na kuzunguka chipu za memori pedi zimetema mafuta, yamekauka rangi ya kahawia na vumbi limegandia. Hii imekaa kwenye joto usiku na mchana. Ofisi gani hiyo?

Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022 na mizigo kama hii ikamwagwa sokoni. Sina ugomvi na anayeiuza akasema ukweli na kushusha bei. Nina ugomvi na anayedanganya, kisha akibanwa anaitukana Mtwara, akijua nauli na mwendo wa kwenda Dar vitanikatisha tamaa.

Wapo watakaonishauri nirudishie biosi ya asili. Naweza, na pengine itawaka. Siigusi. Nikishaiandika upya, ushahidi umefutika na atasema nimeiharibu mwenyewe. Picha, meseji zake na faili la biosi nimeshavihifadhi.

Risiti yake imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na "ilikuwa ofisini" ni kupotosha. Nimempa nafasi ya kurudisha hela kwa amani, amenifungia namba.

Kama kuna mtu wa Mtwara, Lindi au Masasi aliyewahi kulipeleka duka la Dar Tume ya Ushindani akiwa huku huku, aniambie alianzia wapi na walimtaka alete karatasi gani. Hela yangu naitaka yote, na nauli ya basi ya kurudishia hilo boksi lake juu.