Mjadala: Spea za elektroniki tununue Kariakoo au tuagize China?

Mleta mada:
Wakuu, mezani kwangu kuna sabufa ya mteja, transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimeungua. Kariakoo wanazo, ila moja inauzwa mara tatu ya bei ninayoiona mtandaoni. Wengi mnasema tuagize China, tuachane na maduka. Mimi napinga. Ile bei ya mtandaoni ni ya pakiti ya kumi, mimi nataka mbili, na mzigo unakuja kwa wiki kadhaa. Mteja wa TV akileta Ijumaa anataka mechi ya Jumapili. Muuza spea anafungua droo, ananipa, na kama namba ya spea ninayotaka haipo ananitajia inayoingia badala yake. Marekani walikuwa na maduka ya elektroniki ya RadioShack karibu kila mji, ikafilisika 2015. Fry's nayo ikafunga 2021. Duka likishafungwa, ule ujuzi wa nyuma ya kaunta unaondoka nalo.

Fundi, Mwanza:
Kaka, hilo la haraka nakubali. Sasa nijibu hili: nilinunua dukani transista ya 2SC5200 kwa bei ya OG, yaani orijino, jina la Toshiba limeandikwa vizuri kabisa. Nikafunga, nikapandisha sauti, ikalipuka. Nikaivunja nione. Kile kipande cha silikoni ndani ni kidogo mno, hakifiki nusu ya kile cha transista ya zamani niliyoivunja pembeni. Kapasita nazo hivyo hivyo: unachana ganda kubwa unakuta kapasita ndogo imefichwa ndani. Nimeharibikiwa na kazi, na mteja nimempoteza. Niwaunge mkono kwa lipi?

Mwanafunzi wa DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam):
Sisi Kariakoo tunakwenda kwa miguu. Rizista tano, waya kidogo, unarudi maabara siku hiyo hiyo. Bila maduka yale mradi wangu ungekwama.

Mleta mada:
Fundi, pole sana. Lakini feki mtandaoni zimejaa pia, na huko huna wa kumrudishia. Mimi nanunua panaporuhusu kupima kwa mita kabla ya kulipa.

Fundi, Mwanza:
Mita haikamati feki, kaka. Inakuonyesha transista nzima kwa sababu kweli ni nzima. Inachoshindwa ni kubeba mzigo, na hilo utalijua spika zikianza kunguruma.

Mleta mada:
Hapo umenishinda, nilikuwa najidanganya na mita.

Fundi, Mwanza:
Sikatai kopi. Kwenye redio ya jikoni naifunga bila wasiwasi, kwenye sabufa ya ukumbini siifungi. Ninachodai ni droo mbili: hii OG, hii kopi, kila moja na bei yake, na muuzaji aniambie kwa mdomo wake. Atakayefanya hivyo, hata akinizidishia bei, oda zangu zote nampa yeye na kifurushi anitumie kwa basi.