Mrejesho: picha, uzi na maandishi katika kazi moja
Nawashukuru mlionijibu nilipouliza namna ya kuunganisha picha za familia, uzi na maandishi katika kazi moja inayohusu utambulisho wangu. Ushauri ulionifaa zaidi ni wa kutazama kolaji (picha zinazoundwa kwa kubandika vipande pamoja) za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ambaye huunda miili ya wanawake kwa vipande vya majarida na rangi, kwani hapo niliona kwamba maungio yanaweza kuachwa wazi. Nilichapa nakala za picha kwenye kitambaa cha pamba, nikatarizi uso wangu juu ya uso wa bibi kwa uzi mwekundu, na mafundo nikayaacha upande wa mbele. Maandishi yamebaki sentensi moja. Mengine, kusema kweli, yalirudia yale ambayo uzi ulikwisha kuyasema. Mwalimu wangu angependa kazi iwe kubwa zaidi, lakini hilo sitalibadilisha.